Best of, kuimba upya, kurudi: namna ya kupima muziki mbele ya kuuweka kwenye flash

Kwenye maduka madogo ya kuweka nyimbo kwenye simu, kuanzia Bunia mpaka Kalemie, jina la "Best of" njo linauza haraka. Best of Franco. Best of Tabu Ley. Best of Wenge. Mteja analeta flash yake, kijana wa kompyuta anamimina nyimbo mia moja kwa dakika kidogo tu, franga inalipwa, kila mtu anaenda zake. Shida inaanza nyumbani. Wimbo unakatika pale sebene inapotaka kuanza, sauti ya mwimbaji si ile inayojulikana, ao wimbo uleule unarudi mara tatu na majina matatu tofauti.

Upande mwingine kuna nyimbo mpya za wakubwa. Mwanamuziki aliyenyamaza kwa miaka anatoa wimbo mmoja, video inapita kwenye kila simu, na mabishano yanaanza kwenye kila meza: amerudi kweli, ao ni jina tu linalotembea?

Mkusanyiko wa nyimbo za zamani na wimbo wa kurudi vinaonekana kuwa vitu viwili vya mbali, lakini vyote vinauzwa kwa njia moja: jina ambalo msikilizaji tayari analipenda. Na jina kubwa linaweza kuficha kazi ndogo. Njo maana inafaa kupima kazi yenyewe, kwa maulizo mawili. La kwanza: kazi hii inaongeza nini juu ya kile mtu tayari anacho? La pili: inataja nani?

Ulizo la pili ni zito zaidi huku mashariki. Familia nyingi zimepoteza kaseti na diski za wazazi wakati wa kukimbia vita. Kule Goma, moto wa Nyiragongo wa 2002 na ule wa 2021 ulimeza nyumba pamoja na kila kitu kilichokuwa ndani. Kwa watu wengi, kile kilicho kwenye flash njo kumbukumbu yote iliyobaki. Kama imeandikwa vibaya, watoto watajifunza vibaya, na hakuna diski ya baba kwenye kabati ya kuwasahihisha.

Mkusanyiko ni uchaguzi wa mtu fulani

Hakuna "best of" iliyoanguka kutoka mbinguni. Kuna mtu alikaa, akasikiliza, akachagua, akaacha zingine. Kazi nzuri inaonyesha wazi nani alichagua na kwa sababu gani.

Mfano unaojulikana sana ni Francophonic, mkusanyiko wa nyimbo za Franco Luambo Makiadi uliotolewa na kampuni ya Sterns ya London. Sehemu ya kwanza ilitoka 2008, inashika nyimbo za 1953 mpaka 1980. Sehemu ya pili ilitoka 2009, inaendelea mpaka 1989, mwaka Franco alipofariki. Kila sehemu iko na CD mbili na kitabu kidogo kinachoeleza nyimbo, miaka na wapigaji. Msikilizaji anamfwata Franco kuanzia kijana wa miaka ya 1950, wakati gitaa yake ilikuwa inatafuta njia, mpaka mzee wa miaka ya 1980 mwenye orkesta kubwa, anayesimama katikati ya wimbo na kuzungumza na watu kama baba kwenye baraza.

Tena kuna jambo ambalo mpangilio huo wa miaka unalifundisha wenyewe, bila maneno. Sehemu ya pili iko na nyimbo chache kuliko ya kwanza, lakini inajaza CD mbili vilevile. Juu ya nini? Juu nyimbo zilikuwa zimekuwa ndefu. Diski za zamani za mizunguko 78 zilibeba kama dakika tatu kila upande, basi wimbo ulipaswa kumalizika hapo. Diski ndogo za mizunguko 45 zilipokuja, wimbo uliweza kugawanywa: sehemu ya kwanza upande wa A, sehemu ya pili upande wa B. Na diski kubwa ya mizunguko 33 iliacha nafasi ya karibu dakika ishirini kila upande. Hapo Franco na wenzake walipata uwanja wa kucheza. "Mario", wimbo uliotikisa Afrika mwaka 1985, unapita dakika kumi. "Attention na Sida" wa 1987, ambamo Franco anaonya watu juu ya ugonjwa wa ukimwi, nao unapita hapo. Haikuwa kupenda maneno mengi tu: chombo kilibadilika, muziki ukabadilika pamoja nacho.

Sterns ilifanya kazi kama hiyo kwa Tabu Ley Rochereau: The Voice of Lightness, sehemu ya kwanza 2007 kwa nyimbo za 1961 mpaka 1977, na sehemu ya pili 2010 kwa zile za 1977 mpaka 1993. Mtu anayesikiliza zote mbili anasikia mara moja wapi sauti ya Mbilia Bel inaingia katika miaka ya 1980 na namna inavyobadilisha orkesta Afrisa.

Lakini hata mkusanyiko mzuri iko na upande wake. Mwaka 2014 kampuni ya Analog Africa ya Ujerumani ilitoa nyimbo za Verckys na orkesta Vévé za 1969 mpaka 1978. Kazi ilifanywa kwa heshima, na sauti ni safi. Tu, aliyechagua alikuwa anatafuta ule moto wa funk, saksofoni kali na ngoma za kuchezesha watu. Mtu wa Ulaya anayeanza na hiyo atafikiri kwamba Verckys alikuwa hivyo siku zote. Mzee wa Bukavu ao Kindu aliyecheza rumba ya pole ya Vévé atauliza: na zile zingine ziko wapi? Wote wawili wana haki. Kwa hiyo, mbele ya kusema mkusanyiko ni mzuri ao mbaya, angalia kwanza ulitengenezewa nani.

Sasa linganisha na "best of" ya flash. Hakuna jina la aliyechagua. Hakuna mwaka. Nyimbo zimepangwa kwa alfabeti ao ovyo. Mara nyingi kilichochagua ni bahati: kile kilichopatikana kwenye intaneti siku hiyo. Hiyo haimaanishi nyimbo ni mbaya. Wimbo mzuri unabaki mzuri hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Inamaanisha tu kwamba msikilizaji mwenyewe njo anapaswa kufanya kazi ambayo mpangaji hakuifanya.

Ni wimbo wenyewe ao umeimbwa upya?

Hapa watu wengi wanadanganyika. Jina la wimbo ni lile, jina la mwimbaji ni lile, lakini ukisikiliza ngoma zinatoka kwenye mashine, gitaa ya pili haipo, na sauti imezeeka kwa miaka ishirini.

Kuna sababu ya biashara. Mara nyingi mwenye kampuni ya zamani njo mwenye haki juu ya kile kilichorekodiwa, hata kama mwimbaji aliandika wimbo mwenyewe. Mwimbaji akitaka kuuza wimbo wake bila kumpitia mwenye kampuni, anaingia studio na kuimba tena. Kwa hiyo kuimba upya si wizi, wala si aibu. Inaweza kuwa njia ya mzee kupata chakula kutokana na jasho lake mwenyewe.

Swali ni kama kazi mpya inasema kwamba ni mpya. Les Mangelepa wanaonyesha namna ya kuifanya vizuri. Hawa ni wanamuziki wa Kongo waliohamia Nairobi, wakatoka kwenye orkesta ya Baba Gaston na kuanzisha yao katika miaka ya 1970. Mwaka 2017 walitoa albamu Last Band Standing, ambamo wanapiga tena nyimbo zao za zamani. Hakuna anayejifanya kijana. Hapa msikilizaji anapata kitu ambacho diski ya zamani haina: namna watu waliopiga pamoja miaka arobaini wanavyojibizana, bila haraka. Anayetafuta moto wa ujana arudi kwenye diski za kwanza. Anayetaka kusikia muziki ulioiva, asikilize hii.

Kupima ni rahisi kama masikio yametulia. Sikiliza ngoma kwanza, si sauti. Ngoma ya mtu inapumua: inakimbia kidogo sebene inapopanda, inatulia mwimbaji anaporudi. Ngoma ya mashine inabaki palepale kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kisha sikiliza gitaa. Kwenye rumba yetu gitaa hazipigi kitu kimoja: moja inashika mwendo, nyingine inajibu katikati, na ile ya solo inapanda juu. Kama unasikia moja tu pale ulikuwa unasikia tatu, mtu alipunguza gharama.

Nani anatajwa?

Chukua "Mario" tena. Kwenye flash imeandikwa "Franco", na hiyo ni kweli: ni wimbo wa Franco na TPOK Jazz. Lakini sauti inayobeba wimbo kwa sehemu kubwa ni ya Madilu System. Mtoto anayejua tu jina la Franco hatajua kwamba Madilu aliendelea peke yake baada ya 1989 na kuwa nyota kwa haki yake.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na masikio ya watu wa Kiswahili. "Shauri Yako" inapigwa kwenye maredio ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na watu wengi wanasema ni wimbo wa Super Mazembe. Super Mazembe, orkesta ya Wakongo waliofanya maisha yao Kenya, waliupiga vizuri sana, na wao njo waliusambaza. Lakini aliyeuimba mbele ni Nguashi Ntimbo, na orkesta Festival du Zaïre. Kila mkusanyiko unaoacha jina lake unamtoa kidogo kwenye historia.

Mfano wa tatu: Wenge. Orkesta ile iligawanyika mwishoni mwa 1997. JB Mpiana alibaki na jina la BCBG, Werrason akaenda na Wenge Musica Maison Mère, na wengine wakatengeneza Wenge zao. Kwa hiyo faili inayoandikwa "Wenge" tu haisemi kitu. "Solola Bien" ya 1999 ni ya Maison Mère. Kuiweka kwenye mkusanyiko mmoja na nyimbo za mbele ya kugawanyika, bila kueleza, ni kufuta ugomvi wote ambao ulifanya miaka ile kuwa na moto. Maana kushindana kule njo kulisukuma kila upande kutafuta dansi mpya na atalaku mwenye koo kali zaidi.

Kutaja majina si heshima ya mdomo tu. Sheria ya Kongo juu ya haki za waandishi, ile ya tarehe 5 Aprili 1986, inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kifo chake kwa faida ya warithi. SOCODA njo shirika lenye kazi ya kukusanya haki hizo. Na mwanzo wa hesabu yoyote ni jina. Wimbo usio na jina la mwandishi hauwezi kumlipa mtu yeyote.

Sebene iliyokatwa

Wimbo wa Kongo uko na nyumba mbili. Ya kwanza ni ya maneno: mwimbaji anaeleza habari yake, wenzake wanaitikia. Ya pili ni sebene: maneno yanapungua, gitaa zinachukua nafasi, atalaku anaita, watu wanasimama kwenye viti. Anayekata wimbo kwenye dakika ya nne anauza sebule bila uwanja.

Kukata huku kuna historia. Pale wimbo uligawanywa kwenye pande mbili za diski ya mizunguko 45, sebene mara nyingi ilianguka upande wa B. Mikusanyiko mingine inaweka upande wa A tu. Mikusanyiko iliyofanywa vizuri inaunganisha pande mbili, na wimbo unakuwa mzima tena. Siku hizi kukata kunatoka pengine: ma-DJ wanaunganisha nyimbo thelathini kwenye mix moja, na ma-video mafupi ya simu yanachukua sekunde chache za utamu. Mix ni nzuri kwa sikukuu. Lakini haifai kuitwa mkusanyiko wa mwanamuziki, kwa sababu hakuna wimbo hata mmoja unaomalizika.

Ukubwa wa faili nao unasema ukweli. MP3 ya kawaida ya kilobiti 128 inachukua karibu mega moja kwa kila dakika. Basi wimbo wa dakika kumi na tano utakuwa karibu mega 14, na wa dakika tano karibu mega 5. Ukiona wimbo wa dakika tano wenye mega 2, ujue umekamuliwa ili nyingi zienee. Kinachopotea kwanza ni vile vitu vidogo vya juu: sahani za ngoma, kucha kwenye nyuzi za gitaa, pumzi ya mwimbaji. Na wimbo unaojulikana kuwa wa dakika kumi na tano, ukiwa na mega 4 tu, karibu hakika sebene imebaki njiani. Hii unaweza kuiangalia dukani palepale, mbele ya kulipa.

Wimbo wa kurudi

Sasa upande wa pili. Mwanamuziki anaporudi, kuna njia tatu ambazo zinaonekana mara kwa mara.

Njia ya kwanza ni kurudi na kitu kingine. Sam Mangwana, aliyeimba na Tabu Ley na pia na Franco, mzaliwa wa Kinshasa mwenye mizizi ya Angola, alitoa Galo Negro mwaka 1998. Hakujaribu kurudisha dansi za ujana wake. Alileta akordeoni, akaimba Kireno, akageukia Angola. Vilevile mwaka 2001 kundi la Kékélé, lenye wakongwe kama Nyboma, Wuta Mayi, Bumba Massa na Syran Mbenza, lilitoa Rumba Congo: gitaa zisizo na kelele za umeme, waimbaji wanaopeana nafasi. Wakati huo Kinshasa ilikuwa imejaa ngoma za haraka na kelele za atalaku. Wakongwe walijibu kwa kupunguza mwendo. Kazi za namna hii zinashinda ulizo la kwanza bila shida: zinaongeza.

Njia ya pili ni kuingia kwenye nyumba ya kijana. Tarehe 30 Novemba 2020 Diamond Platnumz wa Tanzania alitoa "Waah!" pamoja na Koffi Olomide, mzaliwa wa Kisangani wa 1956. Ndani ya siku ya kwanza, video ilipita watazamaji milioni moja kwenye YouTube. Wengine walisema Koffi amerudi. Wengine wakasema amebebwa. Ukiusikiliza bila kuangalia video, jibu linakuwa wazi kidogo. Mwendo wa wimbo ni wa Kongo, sebene ni ya Kongo, na sauti nzito ya Koffi inaingia kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Diamond njo aliyevaa nguo za Kongo. Koffi hakulazimika kuvaa za Bongo. Kwa maana hiyo mzee hakubebwa. Lakini kama swali ni kwamba Koffi aliongeza kitu ambacho "Loi" ya 1997 ao "Selfie" ya 2015 havikuwa nacho, jibu ni gumu zaidi. Alileta kile anachojua. Kipya kilikuwa watu waliomsikia: vijana wa Kiswahili ambao wazazi wao njo walicheza "Loi".

Ni vizuri kutofautisha vitu hivyo viwili, kupata wasikilizaji wapya na kufanya muziki mpya. Watazamaji milioni moja wanaonyesha lile la kwanza tu. Hesabu ya YouTube inahesabu waliofungua mlango. Haisemi nani alikaa.

Njia ya tatu ni ya huzuni: kazi inayotoka mwenyewe akiwa ameshaenda. Madilu System alifariki Kinshasa Agosti 2007, na La Bonne Humeur ikatoka baada yake. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, na Forever Gentlemen ikatoka mwaka uleule. Hapa masikio yanachanganyika na machozi. Wasikilizaji wanasifu juu ya kumlilia marehemu, na wanaokosoa wanaonekana kuwa watu wasio na roho. Njia ya haki ni kungoja. Sikiliza siku ya msiba kama watu wote, kisha sikiliza tena mwaka unaofwata. Na uliza jambo moja: mwenyewe alimaliza kazi hii, ao wengine waliimaliza kwa niaba yake?

Wimbo unaorudi peke yake

Mara zingine hakuna aliyetoa kitu, lakini wimbo unarudi. Mwishoni mwa 2024 vijana wa Kenya waliokota "Kasongo" ya Super Mazembe, wimbo wa miaka ya 1970, wakaucheza kwenye TikTok na kuugeuza utani wa siasa. Watu ambao hawakuwa wamezaliwa waliimba sehemu ya kuitikia bila kujua maana ya maneno mengine.

Hii inafundisha kitu juu ya mikusanyiko. Hakuna mpangaji aliyetabiri kwamba "Kasongo" ingerudi. Kilichoiwezesha ni kwamba wimbo ulikuwa umehifadhiwa, mzima, na jina lake, mahali ambapo kijana aliweza kuukuta. Nyimbo ngapi za Kisangani, za Bukavu, za Lubumbashi hazina bahati hiyo? Masanga ya Jean Bosco Mwenda, gitaa moja tu na sauti, iko hai leo kwa sababu mwaka 1952 Hugh Tracey alipita Jadotville, Likasi ya leo, na chombo chake cha kurekodi, akaandika jina la mpigaji na mahali. Wapiga gitaa wa mbali waliweza kujifunza vidole vya Mwenda kutokana na diski ile. Na Samba Mapangala, mwana wa Matadi aliyepanda mashariki, akapita Uganda na kufika Nairobi, aliita orkesta yake Virunga, kwa jina la milima yetu ya moto. Mwaka 1990 kampuni ya Earthworks ilikusanya nyimbo zake kwenye CD yenye jina Virunga Volcano. Hivyo watu wa London walijifunza jina la Virunga kwa gitaa mbele ya kulisikia kwenye habari za vita.

Namna ya kusikiliza, hatua kwa hatua

Kwa kazi yoyote inayokuja mkononi, ya zamani ao mpya, hatua hizi zinasaidia.

Sikiliza mara ya kwanza bila video. Video iko na nguo, magari na wacheza dansi. Vyote vinaweza kusaidia wimbo dhaifu kusimama. Kama wimbo unasimama bila hivyo, una miguu yake.

Mara ya pili, hesabu mabanga. Kila msikilizaji anajua desturi hii: mtu analipa ili jina lake litajwe ndani ya wimbo. Mabanga yamewalisha wanamuziki wakati diski haziuzi tena, basi haifai kuyatukana. Lakini kuna kiasi. Jina moja linaloingia na melodia ni pilipili kwenye supu. Majina ishirini yanayofunika solo ya gitaa ni supu ya pilipili bila nyama. Kwenye wimbo wa kurudi, mabanga mengi yanaweza kuonyesha kwamba kazi ilitengenezewa waliolipa mbele ya wanaosikiliza.

Mara ya tatu, linganisha na kazi moja ya zamani ya mtu huyohuyo, moja tu, ile unayoipenda. Usiulize kama mpya ni nzuri kuliko ile; mara nyingi haiwezi, kwa sababu ile iko na ujana wako ndani. Uliza kama mpya inasema kitu ambacho ile haikusema.

Kwa mkusanyiko, chagua nyimbo tatu unazozijua sana na uzipime: ziko nzima? Ni za wakati wake ao zimeimbwa upya? Majina ni ya kweli? Tatu zikiwa na makosa, zingine mia nazo zitakuwa na makosa.

Na mwisho, andika. Kubadilisha jina la faili kwenye simu hakuombi mega wala franga. Pale imeandikwa "Track 07", weka jina la wimbo, mwimbaji, orkesta, na mwaka kama unaujua. Kama haujui, uliza wazee wa nyumbani wakati wangali wapo: mama mkubwa aliyecheza wimbo ule kwenye arusi yake anakumbuka nani aliimba kuliko intaneti yote. Flash hiyo itapita kwa mdogo wako, kisha kwa jirani, kisha kwenye duka lingine. Makosa yanasafiri kwa njia hiyo. Majina ya kweli nayo yanaweza kupita hapohapo.